Muganga Aliyeondolewa: Shaka, Imani na Mapendo Baada ya Mapigano ya Bendera, 1965

Tangu Evans-Pritchard achapishe kitabu chake juu ya Wazande mwaka 1937, dai moja limekuwa likirudiwa kwa sura mbalimbali: kwamba imani za jadi za Kiafrika zimejifunga, hata hakuna litokealo ulimwenguni linaloweza kuzikanusha. Dawa ikishindwa, mwiko umevunjwa. Mwiko usipoonekana kuvunjwa, mganga huyu ni mwongo, na mganga mwingine atatafutwa. Mwaka 1967 Robin Horton alilipa dai hilo umbo la nadharia kwa kutenganisha fikra zilizofungwa na fikra zilizo wazi. Okot p'Bitek, mwaka 1970, aliwashambulia kwa haki wasomi waliomgeuza Mwafrika kuwa kiumbe wa dini mchana na usiku, lakini lengo lake lilikuwa lingine. Swali langu ni dogo zaidi, na naamini ni gumu zaidi: mtu wa kawaida anapoanza kuihoji imani aliyokulia, nini hasa humsukuma?

Nadai hapa kwamba, mara nyingi kuliko tunavyokiri, kinachomsukuma ni mapendo. Mtu huanza kuhoji pale imani inapomtaka amsingizie aliyempenda. Ushahidi wangu mkuu unatoka Bendera, katika eneo la Kalemie, mashariki mwa Kongo, nao umeandikwa na mtu aliyeutumia kuthibitisha kinyume cha ninachosema.

Bendera iko kaskazini mwa mji wa Kalemie, kwenye milima inayopakana na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Inajulikana kwa kituo cha umeme wa maji cha mto Kiymbi, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji na ambacho hadi leo ndicho tegemeo la Kalemie kwa umeme. Mwaka 1965 Kalemie ilikuwa bado ikiitwa Albertville, na kituo hicho kililindwa na jeshi la serikali pamoja na askari wa kukodiwa. Mwishoni mwa Juni mwaka huo waasi wa Simba, wakiwa na wapiganaji wengi wa Kinyarwanda na Wakuba waliovuka ziwa kutoka Kigoma, waliishambulia ngome ya Bendera. Wakuba waliongozwa na Víctor Dreke, aliyepewa jina la vita la Moja. Ernesto Che Guevara, aliyeitwa Tatu, alibaki nyuma. Wapiganaji wengi walitoroka kabla ya risasi ya kwanza. Wakuba wanne waliuawa, na Wanyarwanda waliokufa walikuwa wengi zaidi. Karatasi zilizokutwa kwenye maiti ziliifichulia serikali kwamba Wakuba wamo nchini.

Guevara aliandika kumbukumbu zake Dar es Salaam, baada ya kushindwa na kuondoka Kongo Novemba 1965. Anaeleza ndani yake jinsi dawa ilivyofanya kazi. Mpiganaji humwagiwa maji yenye mitishamba, huchorwa alama, mara nyingi kwa mkaa kwenye paji la uso, na tangu hapo risasi haimdhuru. Lakini sharti asiguse kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, na asiogope. Guevara aliona mara moja jinsi mtego huo ulivyofungwa. Aliyekufa ni yule aliyeiba, au aliyelala na mwanamke, au aliyeogopa. Maiti hajitetei.

Hadi hapo Horton angefurahi. Ila Guevara anaendelea kusimulia yaliyotokea baada ya mapigano, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wapiganaji waliorudi walisema dawa ilikuwa mbaya. Muganga, yaani mganga aliyetoa dawa hiyo, alijitetea kwa njia iliyozoeleka, akiwalaumu wanawake na hofu. Utetezi wake haukupokewa. Wanawake hawakuwapo pale. Na kuhusu hofu, si wote waliokuwa tayari kukiri udhaifu wao. Muganga akaondolewa katika kazi yake.

Guevara analitaja jambo hilo kwa mistari michache, kama mfano wa ujinga uliomchosha. Mimi naona kesi iliyosikilizwa na kuhukumiwa. Yalitolewa mashtaka mawili. La kwanza lilikuwa la kupimika, kwani kila mtu angeweza kusema kama kulikuwa na mwanamke kambini au la; likapimwa, likaanguka. La pili halikuwa la kupimika, maana hofu hukaa ndani ya kifua cha mtu. Hapo walio hai walikuwa na njia rahisi: wangeweza kuwatupia marehemu hofu hiyo. Wao wenyewe wangebaki wasafi, dawa ingebaki safi, na muganga angebaki na kazi yake. Hakuna ambaye angepinga, kwa kuwa wenye kushtakiwa walikuwa wamekwisha kufa. Hawakuichagua njia hiyo. Kati ya kumhukumu rafiki aliyeanguka milimani na kumhukumu muganga aliye hai, mwenye uwezo wa kuogopesha, walimhukumu muganga.

Najua nitajibiwa kwamba kumwondoa muganga mmoja ndiyo njia hasa ya kuilinda imani nzima. Evans-Pritchard mwenyewe alikwisha kuonyesha kwamba Wazande huwashuku waganga mmoja mmoja bila kuushuku uganga. Ni kweli, na Guevara anasema wazi kwamba baada ya hapo kazi ilikuwa kumtafuta muganga mwingine afaaye. Sidai kwamba watu wale waliiacha dawa. Nadai kwamba tunapopima imani kwa swali moja tu, yaani imeachwa au haikuachwa, tunapitwa na badiliko kubwa linalotokea ndani yake. Imani inayoruhusu marehemu wasingiziwe si sawa na imani isiyoruhusu, hata kama zote mbili zinatumia mitishamba ileile. Pingamizi la pili, kwamba tunamtegemea shahidi mmoja, mgeni aliyekuwa bado akijifunza Kiswahili, nalikubali; lakini shahidi huyo hakuwa na sababu ya kuwatetea waliomkatisha tamaa, na hilo linaupa ushahidi wake uzito.

Jambo hili si la dawa peke yake. Msomaji wa Biblia anamjua Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walimwambia kwamba aliyepatwa na mabaya lazima ametenda mabaya, na mwisho wa kitabu wao ndio waliokemewa na Mungu. Hata hivyo maneno yao yanasikika kila wiki katika baadhi ya makanisa ya maombi ya Kongo ya leo: mama aliyefiwa na mtoto huambiwa hakuomba vya kutosha, au kwamba kuna dhambi nyumbani, au, vibaya zaidi, kwamba mmoja wa watoto waliobaki ni mchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imeharamisha kumshtaki mtoto kwa uchawi. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haiingii chumbani usiku mama anapojiuliza kama mchungaji amesema kweli. Kinachomwokoa mtoto usiku ule ni mama kumwangalia mwanawe anavyokula, anavyolala, anavyombeba mdogo wake, na kuamua kwamba aliyoyasikia kanisani hayamhusu mtoto huyu. Mama huyo anaweza kurudi kanisani Jumapili inayofuata. Wala hajakana Mungu. Amekataa jambo moja tu, na kukataa kwake ni tendo la kidini lenye heshima kuliko mahubiri aliyoyakataa.

Katanga ya zamani, ambayo mkoa wa Tanganyika, wenye Bendera na Kalemie, ulikuwa sehemu yake, ilizaa mfano mwingine wa shaka la aina hii, safari hii ndani ya padri. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyepata umaarufu kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alipitia miaka ya kuuhoji upadri wake mwenyewe: alikuwa amekuja kama bwana wa kufundisha, wala hakuwa amekutana na mtu. Kuanzia 1953, katika kambi za wachimba madini wa Kolwezi, ilikua chini yake Jamaa, kundi la wanandoa waliozungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo, na walioamini kwamba imani huthibitika jinsi wawili wanavyoishi nyumbani. Johannes Fabian, aliyeandika juu ya kundi hilo mwaka 1971, alilisoma kama mfano wa uongozi wa karama. Nadhani alimtazama mno kiongozi, akaitazama kidogo meza ya chakula. Maaskofu walilielewa vizuri zaidi, ndiyo maana liliwatia wasiwasi: watu waliopata amani yao nyumbani hawamhitaji padri kwa namna ileile.

Itasemwa kwamba amani ya nyumbani haitoshi pale majirani wanapouana. Kuanzia 2013, na kwa ukali zaidi kuanzia 2016, mapigano ya Watwa na Waluba yameteketeza vijiji vya Tanganyika na kuwafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu. Pande zote mbili zilikuwa na wapiganaji waliotegemea dawa. Mabaraza ya Watwa na Waluba yaliundwa, na kazi yao ni ya lazima. Lakini dhuluma iliyozaa vita hivyo ilikuwa ya kila siku: Mtwa alilipwa kidogo kuliko mwenzake kwa kulima shamba lilelile, na mwanamume Mluba aliweza kumchukua binti wa Kitwa ilhali kijana wa Kitwa hakuthubutu kumposa binti wa Kiluba. Imani iliyodai kumkinga mpiganaji dhidi ya risasi ilimkataza kugusa kisicho chake. Mkataba wa amani uliofungwa barazani una haki ya kudai hilohilo kwa mwenye shamba anapomlipa kibarua wake jioni, na kwa baba anapopokea posa. Watafiti wanaokwenda Bendera na Kalemie kuhesabu mikutano na saini wangefanya vema kuuliza pia nani amemwoza nani tangu mabaraza hayo yaundwe, na kwa mahari gani.