Mtoto wa jicho katolewa, mbona bado haoni vizuri?

Ukipita Mizingani, Mji Mkongwe, huwezi kulikosa lile jengo lenye roshani za mbao za nakshi, maarufu kama Dispensari ya Zamani. Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi 1887. Likamalizika 1894 mwenyewe keshafariki. Hebu mfikirie mzee wa Unguja wa miaka hiyo, mtoto wa jicho kamziba macho yote mawili. Dunia ingeweza kumfanyia nini?

Upasuaji ulikuwepo. Kwa karne nyingi India na Uarabuni, mtabibu aliisukuma lenzi yenye ukungu kwa sindano ikaangukia ndani ya jicho. Karne ya 18, Mfaransa Jacques Daviel akaanza kuitoa kabisa. Ila jicho lilibaki bila lenzi, na mgonjwa alihitaji miwani minene kama kitako cha chupa. Lenzi ya kupandikiza ilisubiri hadi 1949, London, kwa Harold Ridley. Alikuwa ameona vipande vya plastiki vya ndege za kivita vikikaa machoni mwa marubani bila kuleta uvimbe.

Na kama mzee wetu alikuwa na sukari? Insulini ilianza kutumika kwa binadamu 1922 tu. Leo mwenye kisukari anaishi miaka mingi, na macho yake yanaishi na sukari miaka hiyo hiyo.

Sukari ikizidi, huingia kwenye lenzi, ikavuta maji, na mtoto wa jicho huja mapema. Hiyo ni mbele. Nyuma, kwenye retina, sukari inadhoofisha mishipa midogo ya damu kimyakimya, na ukungu wa lenzi unamzuia hata daktari kuiona vizuri. Retina ikiwa nzima, mwenye kisukari huona baada ya upasuaji karibu sawa na asiye nacho. Ikiwa imeshaharibika, lenzi mpya haiirudishi, na sehemu yake ya katikati inaweza kuvimba zaidi.

Hapo ndipo mtaani utasikia, "operesheni imemharibu jicho." Maneno hayo nayaogopa kuliko kisu chenyewe, maana jirani akiyasikia naye hakanyagi hospitali.

Basi ukimpeleka bibi Mnazi Mmoja, usiulize tu atapasuliwa lini. Uliza sukari yake imetulia? Retina imeangaliwa? Lenzi ikiwa imeziba kabisa, jicho hupimwa kwa mawimbi ya sauti, kama mjamzito anavyopimwa. Na akishaona, kliniki ya macho bado inamhusu.