Mwani, Rovu na Chumvi ya Jikoni

Hapa mtaani Muthangari, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Umbali huo una maana kubwa kwa shingo ya mkazi wa bara.

Mvua za karne nyingi huosha iodini, yale madini joto, kutoka udongo wa nyanda za juu. Chakula kikiyakosa, tezi ya shingoni huvimba: hilo ndilo rovu, ugonjwa ambao wazee wa nyanda za juu za Kenya waliujua vizuri. Mwani, kwa upande wake, huyafyonza madini hayo baharini. Huko China, tabibu Ge Hong wa karne ya 4 aliagiza mwani uliolowekwa kwenye pombe ili kutibu rovu. Hakujua sababu, lakini alikuwa sahihi, na hilo linastahili heshima.

Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, mtengenezaji wa shura ya baruti, aliyamwagia asidi kali majivu ya mwani akaona mvuke wa zambarau ukipanda. Ilikuwa iodini. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaitumia kwa wagonjwa wa rovu.

Kenya ililazimisha kuwekwa kwa iodini katika chumvi ya mezani mwaka 1978. Chumvi nyingi huanikwa Gongoni, Kilifi, kisha hupanda bara hadi jikoni za mtaa huu. Mwani wenyewe hulimwa Kibuyuni, Kwale, na akina mama wanaoufunga kwenye kamba maji yanapokupwa.