Mazishi ya Mchungaji

Askofu anapofariki, Kanisa humsindikiza kwa utaratibu uliowekwa. Huvikwa mavazi ya misa, pamoja na alama za uaskofu wake, na waamini hukesha naye kwa sala. Katika misa, mlei huwekwa akielekea altare, bali askofu na padri huelekezwa kwa watu, kama walivyosimama walipowahubiria. Juu ya jeneza huweza kuwekwa Kitabu cha Injili, kwa maana siku ya kuwekwa wakfu Injili ilifunuliwa juu ya kichwa chake. Tena, ingawa kanuni ya 1242 inakataza kuzika maiti ndani ya kanisa, askofu wa jimbo aweza kuzikwa katika kanisa lake mwenyewe.

Kwa nini utaratibu huu wote? Kila hatua yasema neno moja: mchungaji hatengwi na kundi lake.

Mashariki ya nchi yetu ya Kongo, neno hilo lilijaribiwa kwa moto. Tarehe 29 Oktoba 1996, askari walipouteka mji wa Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyewatetea wakimbizi na wenyeji pia, aliuawa njiani. Mwili wake ulilala barabarani, bila mkesha wala mshumaa, hadi ndugu wa shirika la Wasaveri walipoweza kuuchukua. Alizikwa kwenye kanisa kuu la jimbo lake, vita vikiendelea.

Mwandamizi wake, Emmanuel Kataliko, alizuiwa na wakuu wa waasi kukaa jimboni kwa miezi saba ya mwaka 2000. Alirudi mwezi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka uo huo. Mwili wake ulivuka bahari ukarudishwa Bukavu. Waliomtenga na watu wake akiwa hai hawakuweza kumtenga nao kaburini.

Vijana wapenzi, hapo twaona mzizi wa ibada. Mavazi na nyimbo ni heshima njema, lakini Bukavu ilipokosa vyote, heshima ya kwanza ilibaki: kuuendea mwili wa marehemu na kuurudisha kwa watu wake. Basi tunapoitwa matangani hapa kwetu Manono, kuchota maji, kupanga viti au kubeba jeneza la mzee asiye na jamaa, tusidhani ni kazi ndogo. Ndiyo mwanzo wa liturujia yote.