Kutoka Gumegume Hadi Gobore: Mafundi wa Bunduki wa Kusini mwa Ziwa Victoria

Katikati ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalijikuta na bunduki nyingi yasizozihitaji tena. Waprusia walikuwa wameidhinisha mwaka 1841 bunduki inayojazwa risasi kwa nyuma, na walipowashinda Waaustria mwaka 1866 kila dola ikaitaka silaha ya aina hiyo. Zile za zamani, za kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, zikauzwa kwa bei ya chee. Shehena kubwa iliteremshwa Unguja, ikabebwa na wapagazi hadi Tabora, na kutoka Tabora nyingine zikapanda kaskazini kuelekea ziwani. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka.

Anayesimama leo Buhongwa, kando ya barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga, yuko upande bunduki hizo zilikotokea. John Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akitokea Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, na msafara wake ulikuja kutoka kusini huku huku. Mbele kidogo ya Buhongwa, pale Usagara, njia inagawanyika. Moja inashika Shinyanga. Nyingine inakwenda Kigongo na kuvuka maji hadi Busisi, mahali ambapo tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3. Ng'ambo ya pili ni nchi ya Wazinza. Bunduki ilitoka kusini na chuma kilitoka magharibi, na ufundi ninaousimulia hapa ulianza vilipokutana.

Chuma cha Uzinza kilikuwa na wenyewe. Warongo walichimba mawe ya chuma, wakachoma mkaa, wakajenga tanuri na kuvukuta kwa zamu mpaka jiwe likatoa chuma. Hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Walikwenda kambini kwa pamoja, kila mtu na sehemu yake, na kambi ilikuwa na miiko yake. Majembe yao yalisafiri Usukuma na Unyamwezi, yakauzwa Tabora kwa maelfu, yakatolewa hata mahari. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alifanya kazi na wazee wa Kihaya na wa Kirongo katika miaka ya 1970 na 1980, akaandika walivyowasha tena matanuri na kuonyesha walichokuwa wakikijua. Bila kazi hiyo, elimu yao ingezikwa nao.

Bunduki iliyofika mikononi mwa watu wenye ujuzi huo ilikuwa kuukuu tangu ilipoondoka Ulaya. Nyingi zilikuwa za gumegume, zinazowaka kwa cheche ya jiwe. Nyingine zilitumia fataki. Unyevu wa ziwa uliula mtutu, springi ya mtambo ilikatika, kitako kilipasuka safarini. Hapakuwa na duka la vipuri. Kilichokuwapo ni bunduki nyingine mbovu. Fundi alichukua mtambo wa hii na mtutu wa ile, seremala akachonga kitako kipya, na silaha mbili zilizokufa zikazaa moja inayolia. Ndiyo maana bunduki za zamani za bara mara nyingi hazina asili moja: kipande kimetoka kiwanda hiki, kingine kiwanda kile, na mti umekatwa porini.

Mahitaji yalikuwa makubwa. Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, na rugaruga, askari wake, walitegemea bunduki hizo. Msiri, aliyetoka Usumbwa, aliutumia mtutu kujijengea dola Katanga. Ziwani alikuwapo Charles Stokes, mzaliwa wa Dublin aliyekuja Afrika kama mmisionari mwaka 1878, akaacha kazi ya dini, akaoa Limi wa ukoo wa kitemi Unyamwezi na kugeuka mfanyabiashara wa pembe na silaha. Stokes ndiye aliyemsaidia Kabaka Mwanga kurudi Buganda baada ya kupinduliwa, akimvusha ziwa pamoja na bunduki. Januari 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, alimnyonga kwa kosa la kuuza silaha, na Ulaya ikapiga kelele kwa sababu ya Mzungu mmoja. Kwa maelfu waliouawa au kutekwa kwa bunduki hizo hizo, kelele haikufika huko. Hilo nalisema wazi, kwa sababu anayesifu ufundi wa mtutu hana budi kukumbuka ulielekezwa kwa nani.

Jambo lililoupa ufundi huu maisha marefu ni sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuuzwa Afrika, lakini ukaacha upenyo kwa zile za gumegume, chini ya usimamizi wa serikali za kikoloni. Mwafrika aliruhusiwa, tena kwa masharti, silaha ambayo Ulaya ilikuwa imeitupa. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya kudhibiti uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani wakakusanya bunduki za kushindilia kwa maelfu. Waingereza nao wakaja na vibali vyao. Mkulima aliyetaka kufukuza nguruwe na nyani shambani, au mwindaji wa kiboko kandokando ya ghuba, alibaki na chombo cha babu yake na fundi wa kijijini wa kukifufua. Chombo kilipochakaa kabisa, fundi akaunda kingine kutoka mwanzo. Hapo ndipo gobore lilipozaliwa, na kwa maoni yangu wakoloni walilizaa kwa sheria zao kama vile mafundi walivyolizaa kwa nyundo.

Kenya ilionyesha upande mwingine wa ufundi huo. Wapiganaji wa Mau Mau, katika miaka ya 1950, walijiundia bunduki kwa mbao, mabomba na makomeo ya milango. Baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza, nchi ile ile waliyokuwa wakipigana nayo.

Leo Marekani wapo wanaofanya jambo la jirani na hili kama burudani. Hukusanyika mwishoni mwa wiki katika gereji ya mmoja wao na kuunganisha bunduki kwa vipuri vya silaha ambazo majeshi ya Romania, Poland au Hungary yameachana nazo. Sheria yao ya mwaka 1968 haimkatazi raia anayestahili kumiliki silaha kujitengenezea ya kwake, ilimradi hafanyi biashara. Mwaka 2022 serikali ilikaza masharti juu ya vifaa vinavyouzwa bila namba, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaafiki. Chanzo ni kile kile cha mwaka 1866: jeshi moja linatupa, mtu mwingine anaokota.

Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila leseni, na gobore limo. Kosa lake linaweza kumfikisha mtu mahakamani kwa uhujumu uchumi. Naunga mkono sheria hiyo. Gobore limeua tembo, limetumika katika ujambazi, na mara nyingi limemlipukia mwenyewe. Usukuma yenyewe iliwahi kuonyesha kwamba usalama hauji lazima kwa mtutu: wizi wa mifugo ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera kuacha silaha za kivita mikononi mwa wahalifu, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walijibu kwa filimbi, upinde na mshale.

Lakini magobore yanayosalimishwa huishia kuteketezwa, na historia yake inaungua pamoja nayo. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yana nyumba ya mhunzi. Naliomba Jeshi la Polisi, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa, litenge bunduki chache za kila aina, ziharibiwe kitaalamu zisiweze kulia tena, zipelekwe pale na maelezo yake. Na wewe msomaji wa Buhongwa, Usagara au Sengerema, kama nyumbani kuna gobore, lipeleke kituo cha polisi msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari unapotangazwa. Kama kuna mzee aliyewahi kuvukuta au kufua chuma, keti naye mwaka huu, umrekodi.