Techno ngumu ya Ujerumani: muziki au kelele?

Techno ngumu ni tawi la muziki wa dansi wa kielektroniki linalojengwa juu ya pigo zito la besi, linalorudi kwa umbali ulio sawa bila kukatika. Techno ya kawaida huenda kwa mapigo kama 120 hadi 135 kwa dakika. Hii ngumu huanzia karibu 145, na mara nyingi huvuka 150. Maneno ni machache au hayapo kabisa. Msikilizaji wetu aliyezoea singeli, inayopita mapigo 200, hatashtushwa na kasi hiyo. Kitakachomshtua ni ukavu wake: hakuna mghani, hakuna utani, ni mashine tu.

Chimbuko la techno ni Detroit, Marekani, miaka ya 1980, kwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Nao walikuwa wamesikiliza Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, kwa hiyo deni liko pande zote mbili. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, upande wa mashariki ulibaki na majengo mengi matupu, na vijana wakayageuza kumbi. Klabu ya Tresor ilifunguliwa Machi 1991 katika chumba cha chini kilichokuwa cha kuhifadhia fedha na vitu vya thamani, katika mabaki ya duka kubwa la zamani. Frankfurt nako, Marc Acardipane alikwisha kutoa "We Have Arrived" mwaka 1990, kazi inayotajwa sana kuwa mwanzo wa techno kali zaidi. Baadaye likaja jina "schranz", linalohusishwa na DJ Chris Liebing.

Wanaoupinga muziki huu husema hauna melodia, hausemi kitu, na saa ya tatu haina tofauti na ya kwanza. Mashabiki hawakatai kwamba unajirudia. Wanasema ndiyo kazi yake: sikio likishazoea pigo, badiliko dogo tu la sauti linakuwa tukio kubwa. Kwa maoni yangu, anayeuhukumu kwa spika ya simu anaonea, kwa sababu besi, ambayo ndiyo nusu ya muziki wenyewe, haitoki humo.

Mabishano haya yalifika hadi mahakamani, tena kwa sababu ya pesa. Ujerumani, kiingilio cha tamasha la muziki hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7, lakini starehe ya kawaida hutozwa 19. Mamlaka ya kodi iliona kwamba watu huenda Berghain, klabu maarufu ya Berlin, kustarehe tu. Mwaka 2016 mahakama ya kodi mjini Cottbus ilikubaliana na klabu: watu huenda kumsikiliza DJ, kama wengine wanavyokwenda kusikiliza okestra. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya kodi ilikwenda mbali zaidi. Ilisema DJ hachezi tu santuri za wengine, bali hutumia mitambo yake kama ala na kuunda sauti mpya. Kwa klabu yenye kodi ya pango inayopanda kila mwaka, tofauti ya asilimia 12 si jambo dogo.

Machi 2024 techno ya Berlin iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wapo walioshangilia, na wapo waliouliza Detroit imewekwa wapi.

Siku hizi ubishi mkali zaidi uko ndani ya mashabiki wenyewe. Wakongwe wanalalamika kwamba techno ngumu ya sasa inakimbia mno, inachomeka nyimbo za pop zilizoongezwa kasi, na inatengenezwa kwa ajili ya video fupi za simuni. Vijana wanawajibu kwamba schranz nayo ilipoingia, ilishutumiwa hivyo hivyo kwa kukimbia.