Moshi Uliofungwa Bondeni

Mtu akaaye bondeni hujua jambo hili: alfajiri ya majira ya baridi, upepo usipovuma, moshi wa jikoni haupandi juu. Hutanda juu ya mashamba kama shuka, hata jua lipandapo ndipo hutoweka. Jambo hilo tulionalo kuwa dogo limeua maelfu ya watu katika miji ya Ulaya na Marekani.

Sababu yake ni hii. Desturi ya hewa ni kuwa na joto karibu na ardhi, na kuzidi kupoa kadiri ipandavyo. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda na kuuchukua moshi. Lakini katika usiku mrefu ulio shwari, ardhi hupoa, na hewa iliyoigusa hupoa pia. Hewa hiyo baridi ni nzito; huteremka milimani kama maji na kukusanyika bondeni, na hewa ya joto hubaki juu yake kama kifuniko juu ya chungu. Milima huzuia upepo ubavuni, kifuniko huzuia moshi juu, na unyevu wa mto huzidisha ukungu. Katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi ni hafifu, hata mchana laweza kushindwa kukiondoa kifuniko kile.

Ndivyo ilivyokuwa Ubelgiji mwaka 1930, katika bonde jembamba la mto Meuse, kati ya Huy na Liège. Bonde lilijaa viwanda vya chuma, vya zinki na vya vioo. Tangu tarehe 1 hata 5 Desemba ukungu haukuondoka. Watu wakashikwa na kikohozi na kukosa pumzi. Zaidi ya 60 walikufa, na ng'ombe nao wakafa. Wataalamu walipochunguza, hawakuona sumu ngeni, bali moshi ule ule wa kila siku, hasa ule wenye kiberiti, uliokosa njia ya kutoka. Mmoja wao, daktari Firket, alionya kwamba msiba wa namna hii ukiupata mji wa London, huenda watu 3,200 wakafa.

Onyo hilo halikufuatwa. Mwishoni mwa Oktoba 1948 ikawa zamu ya Donora, mji mdogo wa Marekani wenye watu kama 14,000, uliojengwa penye pindo la mto Monongahela, chini ya vilima. Wenyeji walikuwa wamezoea moshi wa viwanda vyao vya chuma na zinki, hata mchezo wa mpira ukachezwa siku ya Jumamosi katikati ya giza lile. Jumapili, tarehe 31, moto wa kiwanda cha zinki ulipunguzwa na mvua ikanyesha, hewa ikasafika. Lakini watu 20 walikuwa wamekwisha kufa, na karibu 6,000 walikuwa wameugua.

Kisha likatimia neno la Firket. Mji wa London umo katika bonde pana la mto Thames. Tangu tarehe 5 hata 9 Desemba 1952 hewa ilitulia, na kwa ajili ya baridi kila nyumba ilizidisha makaa ya mawe mekoni. Hapo haikuwa moshi wa viwanda tu. Kila mwenye nyumba alitia moshi wake katika chungu kile kile. Waliokufa walihesabiwa kwanza kuwa kama 4,000. Wataalamu wa baadaye wamekadiria kwamba huenda walifika 12,000. Mwaka 1956 serikali ya Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia moshi mjini.

Mto Thames ungali unapita pale pale, na Desemba huja kila mwaka na ukungu wake. Bonde halikubadilika, wala majira. Kilichopunguzwa ni moshi. Mwanadamu hawezi kukiondoa kifuniko, lakini aweza kuchagua atakachokitia chunguni. Basi atakaye kujenga tanuru la matofali au kiwanda bondeni, na aamke alfajiri ya siku za baridi, atazame moshi wa majirani unalala wapi. Pale unapolala, ndipo wake nao utakapolala, na ndipo watoto watakapouvuta.