Maharagwe ya Juu na ya Chini

Umenunua gunia la maharagwe sokoni Nkubu. Ya juu ni safi, kufika nyumbani ya chini yameoza. Nani alaumiwe?

Waingereza wa zamani walisema mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Sheria yao ya uuzaji wa bidhaa ya 1893 ikapunguza ukali huo, na Kenya ikaiga sheria hiyo mwaka 1931. Sheria hiyo yasema hivi: ukishakagua, kasoro iliyo wazi ni juu yako. Iliyofichika ni juu ya mfanyabiashara. Na ukionyeshwa kiasi kidogo kama mfano, gunia zima sharti lifanane nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, ikaongeza haki ya bidhaa bora.

Lakini zaidi ya miaka 1,200 kabla ya 1893, Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta majimaji. Muuzaji akasingizia mvua. Akaulizwa mbona hakuyaweka juu watu wayaone.

Basi mnunuzi, tia mkono kabla hujalipa. Nawe muuzaji uliyefunga, mabovu yaweke juu.